Nianzeje upya kuandika sera na taratibu za bekari changa?

Mwokaji_Moro:
Habari za jioni ndugu zangu. Tangu mwezi wa tatu ninaendesha bekari ndogo hapa Morogoro yenye wafanyakazi saba: wawili wa tanuri, wawili wa kukanda na kufungasha, muuzaji mmoja na vijana wawili wanaosambaza mikate madukani kwa pikipiki. Nilipoanza, nilipakua mtandaoni mwongozo wa sera wenye kurasa 40, nikabadilisha jina la kampuni na kuwasainisha wote siku moja. Wiki iliyopita msambazaji mmoja alirudi na shoti, yaani fedha za mauzo zilizopungua, ya shilingi 38,000. Nilipofungua ule mwongozo nilikuta aya ndefu kuhusu safari za ndege na kadi za benki za kampuni, lakini sikuona hata mstari mmoja kuhusu fedha za mauzo. Nikamwambia nitamkata zote kwenye mshahara. Akaniuliza kwa heshima ni wapi tulikubaliana hivyo, nikakosa jibu. Nianzie wapi?

Afisa_Utumishi:
Pole dada, na ni vyema hujamkata bado. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukata mshahara kwa hasara iliyotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, lakini ni lazima kwanza umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna ulivyokipata, umpe nafasi ya kukipinga, naye akubali kwa maandishi kukatwa, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Huenda shilingi 38,000 zikawa ndani ya robo hiyo; kilichokosekana ni hatua za kabla yake. Sera yako ya shoti iandike hatua hizo kwa mfuatano huohuo.

Jambo la pili ni saa za kazi, kwa sababu bekari huamka usiku. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, ziada hulipwa mara moja na nusu, na kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi. Likizo ya mwaka ni siku 28.

Mama_Stoo:
Mdogo wangu, mimi nina duka la jumla, na niliwahi kuandika kwamba "mfanyakazi awe mwaminifu wakati wote". Kila mtu alikubaliana na sentensi hiyo na haikuzuia chochote, kwa kuwa haikumwambia mtu afanye nini anapopakia mzigo alfajiri. Chukua daftari, kaa bekarini siku tatu, uandike kinachofanyika kweli na mahali kinapokwama. Kwa wasambazaji wako ningeandika hivi: "Msambazaji na mfungashaji watahesabu mikate pamoja kabla ya kreti kupakiwa, na wote wawili watasaini daftari. Mikate iliyorudi itahesabiwa siku hiyohiyo, na fedha zitakabidhiwa kabla ya saa 12 jioni." Hapo shoti ikitokea, mnafungua ukurasa mmoja mkiwa wote wawili, na kijana aliyeibiwa hesabu wakati wa kupakia naye ana pa kujitetea.

Andika pia ni nani anayeruhusiwa kumkopesha mwenye duka, na hadi kiasi gani. Nakuomba uwaulize vijana wako kuhusu hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana mara nyingi kinachoitwa shoti ni deni ambalo msambazaji ameona aibu kulitaja.

Ukimaliza, wasomee kwa sauti na umwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake atakavyofanya. Sentensi itakayomkwamisha mtu wa tanuri haijaiva.

Mzee_wa_Mkataba:
Naongeza moja tu. Ulichokiandika kinakubana wewe kwanza. Katika karakana yangu niliandika kwamba fundi atapewa maonyo matatu ya maandishi kabla ya kuachishwa kazi, kisha nikamwachisha mmoja baada ya onyo moja kwa hasira. Katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, niliwekewa karatasi yangu mwenyewe mezani, na nikamlipa fidia. Kwa hiyo usiahidi kamati za nidhamu za watu watano wakati una watu saba. Andika kwamba mtuhumiwa atapewa tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kuja na mwenzake wa kazini wa kumsaidia. Hayo yamo katika Kanuni za Utendaji Bora za 2007, na hata bekari ndogo inayaweza.

Mwokaji_Moro:
Nawashukuru sana. Leo asubuhi nilimwita yule kijana, nikamuuliza kama Mama_Stoo alivyoshauri. Shilingi 26,000 ziko kwa wenye maduka wawili waliochukua mikate wakisema watalipa kesho, na majina yao alikuwa nayo kwenye simu. Zilizobaki, 12,000, tumekubaliana kuzitafuta pamoja kwenye hesabu za kreti. Sera ya mikopo ya madukani ndiyo ninayoiandika usiku huu, nusu ukurasa, na kesho saa 4, tanuri likishazimwa, nitawasomea wote.