Nyumba yangu iko hatua 30 kutoka leba. Wenzangu mnapumzikaje?

MkungaZiwani:
Habari za humu wadau. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye kituo kimoja kando ya ziwa huku Kigoma, boti ndiyo gari letu. Leba tulikuwa wawili, mwenzangu kaenda likizo ya uzazi, nimebaki peke yangu. Rosta ipo ukutani, imepigwa rangi tatu, inapendeza kweli, ila hakuna anayeifuata. Na nyumba yangu nimeipima: hatua 30. Mlinzi anagonga mara mbili halafu anakohoa. Bibi wa mjamzito yeye hagongi, anaita "sista, sista" dirishani, usawa wa mto wangu.

Kilichonileta ni hiki. Juzi nimezalisha salama, mtoto kilo 3.2, kalia vizuri. Mama mtu akaniomba nimchagulie jina. Nikamjibu, "Lolote tu," nikaenda kunawa. Nikaja kushtuka bomba linamwagika, sijui nimesimama pale muda gani. Malaria nimepima, sina. Siku ya ofu usingizi wenyewe hauji. Watu nawajibu ovyo, mama yangu Ujiji akisikia atanikana.

Ziwa lenyewe mwaka 2024 lilifungwa miezi 3, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Likizo yangu ya mwaka jana bado imelala kwenye faili.

Kijana_wa_Kibirizi:
Pole sista. Kunywa maji mengi.

MkungaZiwani:
Ahsante. Ziwa zima liko hapa.

MzeeTabibu (Urambo, Tabora):
Mwanangu, hilo la bomba nalijua. Mimi nilikuwa naandika dawa, nikigeuka nakuta karatasi haina jina la mgonjwa. Si uvivu huo, ni uchovu wa kazi, Kizungu wanauita burnout. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililieleza kuwa ni jambo linalotokana na kazi, halikuliita ugonjwa: nguvu zinaisha, kazi unaichukia, unajiona hufanyi la maana.

Usiombe likizo kwa mdomo, maneno ya korido hayaingii kwenye faili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Andika barua kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenu, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Ambatisha tarehe na saa ulizogongewa usiku, majina ya akina mama usiyaguse. Na siku ya ofu usilale hapo kituoni! Usingizi ukiendelea kukukimbia, au ukaanza kuona afadhali usingekuwepo, nenda hospitali ya mkoa ukaonane na watu wa afya ya akili. Usijitibu mwenyewe, sisi watumishi ndiyo tabia yetu.

NesiKasulu:
Shikamoo mzee. Barua sawa, lakini mama akianza kutoka damu usiku yeye hangoji majibu ya barua. Sista akiondoka nani anabaki?

MzeeTabibu:
Marahaba. Swali hilo ni la mfawidhi, mwanangu. Mwachieni alibebe yeye.

MkungaZiwani:
Narudi na mrejesho. Barua nimepeleka Jumatatu. Mfawidhi akazihesabu zile tarehe kwa kidole, akafika usiku wa 19 ndani ya mwezi mmoja, akanyamaza. Likizo anasubiri wilaya ilete mtu. Ila mwezi sasa umewaka, wavuvi wa dagaa wametundika nyavu kungoja giza, na mimi Ijumaa hadi Jumapili niko Ujiji. Leba atashika mfawidhi mwenyewe. Nimemwonyesha oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, iko rafu gani kwenye jokofu, maana alikuwa hajui.