Nitapimaje kama programu ya kuwaingiza Wamarekani Weusi kwenye PhD za sayansi imezaa matunda?

MwanaPangani ameuliza:

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi.

Niko Marekani mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya takwimu kwenye ofisi ya shahada za juu ya chuo kimoja, jina naliacha. Nimekabidhiwa kazi inayoninyima usingizi. Chuo kina programu ya kuwaingiza Weusi, Walatino na Wenyeji wa asili kwenye PhD za fizikia, kemia na biolojia. Fedha za mfadhili zinakaribia kwisha, na bosi anataka ripoti ya kuonyesha programu imefanikiwa. Rasimu niliyoikuta inahesabu walioingia tu. Mwaka wa kwanza wawili, mwaka jana sita, mstari unapanda, basi.

Nikafungua faili lenyewe. Majina 31. Safu ya mwisho, ya hali ya mwanafunzi, ina visanduku tisa vitupu. Hakuna "amehitimu", hakuna "anaendelea", hakuna "ameacha". Nikamuuliza aliyekuwepo kabla yangu, akasema hao walihama. Wapi? Hakuna aliyeandika.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Kipeperushi cha programu kina picha ya vijana wanne wako maabara. Wawili nawafahamu, mmoja Mkenya wa Kakamega, mwingine wa kwetu Tanga, wote wana viza ya mwanafunzi. Serikali ya hapa, ikitoa takwimu za PhD kwa rangi na asili, huhesabu raia na wakaazi wa kudumu. Kwa hiyo vijana wetu wamo kwenye picha, kwenye jedwali hawamo. Na mtu akiiona picha ile anadhani Wamarekani Weusi wamejaa maabara, kumbe bado. Naona tumewakosea wote.

Nawaomba: nimlinganishe nani na nani ili nijue ukweli?

Mwalimu_wa_Hesabu:

Ndugu yangu, kuhesabu walioingia ni sawa na mvuvi kuhesabu samaki wakiwa bado majini. Anza na swali hili: bila programu, vijana hao hao wangefika wapi?

Tazama walivyofanya Baltimore. Programu ya Meyerhoff pale UMBC, Chuo Kikuu cha Maryland tawi la Baltimore County, ilianzishwa 1988, na 1989 wakaingia vijana 19 Weusi, wote wanaume. Wanawake wakafunguliwa mlango 1990, na 1996 ikawa wazi kwa rangi zote. Ile ni ya shahada ya kwanza, lakini lengo lake tangu mwanzo ni kuwafikisha kwenye uzamivu. Dkt. Kizzmekia Corbett, mmoja wa waliotengeneza msingi wa chanjo ya korona ya Moderna, alipita pale.

Sasa sikiliza walivyojipima. Mtafiti Kenneth Maton na wenzake hawakuwalinganisha na wanafunzi wa kawaida, maana Meyerhoff huchagua vijana wenye alama za juu. Hao wangeshinda tu. Waliwatafuta waliopewa nafasi ile ile wakaikataa, wakaenda kusoma kwingine. Alama zinafanana, na kamati ile ile iliwaona wote wanafaa. Wa Meyerhoff walikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kuendelea na PhD za sayansi. Hapo ndipo mtu anaweza kusema programu ina mkono wake.

Na wewe tafuta orodha ya mliowapa nafasi wakakataa. Ofisi ya udahili lazima inayo. Kisha peleka majina na tarehe za kuzaliwa kwa National Student Clearinghouse, wao wana kumbukumbu za usajili na shahada za vyuo karibu vyote vya huko.

Ila usiandike asilimia kwa watu 31. Mmoja akiacha, asilimia inaruka hatua tatu. Andika idadi.

DadaWaNashville:

Naongezea la Mwalimu. Wapange kwa mwaka walioingia. PhD ya sayansi huku huchukua miaka mitano, sita, hata zaidi, kwa hiyo aliyeanza juzi huwezi kumweka kapu moja na wa mwanzo ukasema hajahitimu. Na kama masharti ya kujiunga yalibadilika baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2023, ya Harvard na North Carolina, iliyozuia vyuo kutumia rangi katika udahili, usichanganye wa kabla na wa baada.

Mimi naishi mji wenye programu ya "daraja" kati ya vyuo vya Fisk na Vanderbilt, iliyoanza 2004. Mwanafunzi anasoma shahada ya uzamili Fisk, chuo cha kihistoria cha Weusi, huku anazoea maabara na wasimamizi wa Vanderbilt, kisha anavuka kwenda PhD. Siku anapovuka tayari kuna watu wanaomjua. Kwa hiyo kaka, pima na hayo: nani alikuwa na msimamizi, kwa muda gani, na posho ya kwanza iliingia lini. Na hao tisa wapigie simu wewe mwenyewe.

MwanaPangani:

Asanteni sana, Mwalimu na dada yangu. Narudi na habari baada ya wiki tatu.

Kwenye tisa nimewapata wanne. Mmoja alikuwa wa kemia. Posho yake ya kwanza iliingia mwisho wa Oktoba, kodi ya nyumba ilianza Agosti, akaishi kwa kadi ya mkopo. Mwaka wa pili msimamizi wake akahamia chuo kingine na hakuna maabara iliyompokea. Akaondoka na shahada ya uzamili. Leo anafundisha kemia sekondari.

Kabla ya kukata simu aliniuliza nimeandikaje jina lake. Kadi yake ya maabara ilikuwa na herufi moja iliyokosewa, aliomba irekebishwe mara tatu. Nikatazama faili: kosa lile lile. Ndiyo maana Clearinghouse ilimrudisha kama mtu asiyekuwepo, na shahada anayo.

Nimerekebisha. Watano waliobaki nasahihisha majina yao kwa fomu za maombi, moja moja, halafu Jumatatu natuma orodha upya. Ile picha nimeomba iondolewe, bado sijajibiwa.