Msaada: NASM inaruka mstari ulio chini ya komenti

Zabibu64
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma hapa, najifunza asembli kwenye Linux, natumia NASM (assembler, programu inayogeuza asembli kuwa kodi ya mashine). Nina programu ndogo ya kujumlisha magunia ya mahindi yanayoingia soko la Kibaigwa, haitumii maktaba yoyote. Siku ya kwanza inatoa 412, sahihi kabisa. Siku ya pili inatakiwa 305, inatoa 717! Majibu yote nayaweka kwenye memori kwanza, kuchapa ni mwisho. NASM hailalamiki hata kidogo.

```
jumlisha:
    ; data zimetoka D:\kibaigwa\
    xor eax, eax
.rudia:
    add eax, [rsi]
    add rsi, 4
    dec ecx
    jnz .rudia
    ret
```

Jamaa yangu wa Area C kaiandika kwa FASM (assembler nyingine), komenti ileile, inapiga sawa. Tatizo ni mashine yangu au?

Fundi_wa_Biti
Mashine yako nzima, mkuu. 412 + 305 = 717, yaani eax (rejista inayobeba jumla) haifutwi. Tazama komenti inavyoishia. Kwa NASM, mstari ukiishia na `\`, unaofuata unaunganishwa nao, na hilo linafanyika kabla `;` (alama ya kuanza komenti) haijaangaliwa. Kwa hiyo xor yako, inayofuta eax iwe sifuri, imemezwa na komenti. Siku ya kwanza umeponea tu kwa vile Linux ilikuanzishia eax ikiwa sifuri. Kusanya ukiweka `-l orodha.lst`, uifungue: kwenye xor hutaona 31C0 (kodi yake ya mashine).

Binti_Kondoa
Na FASM ikishakutana na `;` inaacha kila kitu hadi mwisho wa mstari, `\` ya ndani ya komenti haihesabu. Jamaa yako hana uchawi 😂

Nyikani
Weka nafasi moja baada ya `\`, kwisha habari.

Fundi_wa_Biti
Kwa NASM itapita, ila ni mtego. Editor nyingi hufuta nafasi za mwisho unapohifadhi faili, ugonjwa unarudi kimyakimya. Halafu siku ukihamia GNU as (assembler ya GNU) na faili la .S (herufi kubwa) kupitia kompaila ya GCC, preprosesa ya C (inayoandaa maandishi kabla ya kukusanywa) ndiyo inapita kwanza, na GCC inaunganisha mistari hata `\` ikifuatwa na nafasi. Inatoa onyo tu. Faili la .s (ndogo) halipitii huko. Malizia na neno: `D:\kibaigwa\ (folda)`.

Zabibu64
305 imetoka! Shukrani sana wakuu. Ila nina mafaili mengine nimechora stack kwa mishale ndani ya komenti, mistari kibao inaishia na `\`. Nayasakaje?

Fundi_wa_Biti
`grep -n ';.*\\$' *.asm`

Itakuletea na mistari yenye `;` ndani ya nukuu, hiyo chuja kwa macho. Na kama mafaili yametoka Windows, yapitishe kwanza kwa dos2unix (inaondoa herufi ya ziada ambayo Windows huweka mwisho wa mstari, baada ya `\`), la sivyo grep haitaona kitu.