Mpemba aliyepewa kipande (kitambulisho) 2023 anaweza kusimama MCA (mwakilishi wa wadi) 2027?

Nanga_Mayungu
Salaam wakubwa. Nina mjomba wangu huku Mayungu, kazaliwa hapahapa, babake alikuja na jahazi toka Pemba kabla ya uhuru akaoa akakaa. Kipande amepata 2023 Wapemba walipotambuliwa na serikali ya Kenya, sasa vijana wa bandarini wamemshika kanzu wataka asimame MCA 2027 na yeye ashaanza kununulia watu chai. Mi nasikia kuna mambo ya miaka kumi ya uraia, ndo nauliza kabla hajauza mashine ya boti.

KaraniMstaafu
Mashine asiuze. Katiba kifungu cha 193 kinataka uwe umekuwa raia miaka 10 mfululizo kabla ya siku ya uchaguzi, na ni miaka ya uraia sio ya kuishi. 2023 hadi Agosti 2027 ni minne, 2032 ni tisa, kwa hiyo hapo ni mpaka 2037. Asifikirie kurukia ubunge, kifungu cha 99 ni miaka 10 vilevile, na gavana lazima kwanza awe anafaa kuwa MCA. Kupiga kura ruhusa, hiyo haina miaka kumi.

dogo_wa_Ngomeni
Yani mtu kavua hapa tangu utotoni afu aambiwe ana miaka minne?? Kwani hapo nyuma alikuwa raia wa samaki? Na Wamakonde wa Kwale mbona nasikia wao wako sawa

KaraniMstaafu
Sheria ni moja dogo, tofauti ni tarehe. Wamakonde walipiga mguu toka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kufikia Disemba. Aliyesajiliwa mwisho wa mwaka ule, 2022 alikuwa na mitano tu, lakini 2027 ashapita kumi. Muangalie tarehe ya cheti cha uraia jamani, sio ya kipande, watu wengi huchanganya hapo.

Mpwani254
Afu muulize kama ana kitambulisho cha Zanzibar pia, watu wana ndugu huko na makaratasi yako kotekote. Kifungu cha 78 hakitaki kiongozi mwenye uraia wa nchi mbili, na MCA anahesabiwa.

MamaWadi
Nyote mmerukia kwa baba. Kaka Nanga, babake alimuoa nani? Kifungu cha 14 chasema ukiwa mama au baba ni raia, au alikuwa raia, wewe ni raia wa kuzaliwa, na kinawashika hata waliozaliwa kabla ya katiba ya 2010. Kama mama ni Mkenya huyo mzee hakuanza uraia 2023 hata kidogo, alipewa tu karatasi ya pili kwa kukosa wa kumwambia. Ila ajiandae kuthibitisha, maana mpinzani atakuja IEBC, tume ya uchaguzi, na kile cheti cha 2023 mkononi.

Nanga_Mayungu
Dah. Bibi ni Mgiriama wa Ganda! Alishafariki ila kipande chake kiko sandukuni kwa mama, nimetoka kukitoa sasa hivi, picha imefifia lakini jina lasomeka. Shida ni kuwa kwa cheti cha mjomba jina la mamake limeandikwa lile la Kiislamu alilopewa alipoolewa, na hapa kwa kipande kuna lile la kwao.

MamaWadi
Hizo ni affidavit (hati za kiapo) mbili na safari za msajili. Anza kesho, na chai asimamishe kwanza.