Gumzo la ukoo: msumeno wa mkanda umefika nyumbani

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Ule msumeno wa mkanda wa zamani umeingia bandani. Magurudumu inchi 36, chuma cha kalibu kitupu. Leo napiga msasa, kesho rangi ya kijani 😎

Mjomba Idi: Marahaba. Hebu weka msasa chini. Rangi ya mashine za zamani mara nyingi ina risasi. Ukiisugua kavu, vumbi mnalivuta nyote. Ilowanishe ndipo ukwangue, na barakoa usoni.

Shangazi Zuhura: Nyote maana yake na watoto. Ufunguo wa banda nitakaa nao mimi.

Hamisi: Shangazi jamani 😂

Mjomba Idi: Mpe huo ufunguo. Tena rangi ni ya mwisho kabisa. Magurudumu umeyagonga?

Hamisi: Kuyagonga kivipi mjomba?

Mjomba Idi: Yatoe, uyaning'inize kwa kamba mojamoja, ugonge taratibu kwa kipini cha nyundo. Likiitika kwa mlio mrefu, afadhali, ingawa bado utalipitia kwa tochi. Likilia kama chungu chenye ufa, tafuta ufa pale spoku zinapoingia kwenye kitovu na kwenye rimu. Ukiuona, gurudumu hilo halizunguki tena. Na usiniletee habari za kuchomelea. Chuma cha kalibu kikichomelewa ovyo hupasuka kando ya mshono kinapopoa, na gurudumu la juu linazunguka usawa wa kichwa chako.

Baraka: Mota ikoje?

Hamisi: Fezi tatu bro. Hapa tuna fezi moja. Nilitaka kuitupa.

Baraka: Weee usitupe! Soma kibao. Kama kimeandikwa volti 220/380, ifunge delta, yaani waya zake kwa mtindo wa pembetatu, utafute inveta inayopokea fezi moja ya 220 na kutoa fezi tatu. Itaanza polepole bila kushtua mkanda. Ila kwanza waya zake zipimwe kwa mega, kile kifaa cha kupima kama umeme unavuja, mota iliyolala muda mrefu hula unyevu. Na swichi usiiweke kati ya inveta na mota.

Hamisi: Na spidi?

Baraka: Gurudumu lako likizunguka mara 400 kwa dakika, bledi inakimbia karibu mita 1,150 kwa dakika. Kwa mbao panafaa. Angalia tu kama kuna mtu alibadilisha puli.

Hamisi: Halafu shafti haina beringi za gololi. Imekalia madini laini meupe. Niyang'oe niweke beringi mpya?

Mjomba Idi: Thubutu! Hiyo ni babiti, mashine zimekalia hiyo tangu karne ya 19. Zibua matundu ya mafuta, tia mafuta ya mashine, si grisi. Shafti ikicheza, fungua kifuniko, chini yake utakuta vibati vyembamba. Punguza kimojakimoja, pande zote mbili sawa, mpaka mchezo uishe na shafti bado izunguke kwa mkono.

Neema: Kutu ya mezani mwagia siki

Mjomba Idi: Siki sawa, lakini asiilaze. Asuuze, akaushe palepale, apake nta.

Shangazi Zuhura: Nimetazama picha tena. Magurudumu yako wazi hivyo?

Mjomba Idi: Nyingi za zamani zilitoka kiwandani wazi. Hapo nakuunga mkono. Kifuniko cha plaiwudi juu na chini, na upande ambao bledi inarudi pia.

Hamisi: Itapoteza sura yake ya asili 😩

Shangazi Zuhura: Na wewe una sura yako ya asili.

Baraka: 🤣🤣🤣

Hamisi: Nimeyagonga, sikilizeni. [sauti] La juu hilo. [sauti] La chini hili, mbona limefifia?

Mjomba Idi: Bado limevaa mpira?

Hamisi: Ndiyo. Wa juu ulishaoza ukadondoka.

Mjomba Idi: Mpira unameza mlio. Ubandue ndipo ugonge tena. Kesho nakuja na tochi, hiyo rangi ya kijani nisiione.

Shangazi Zuhura: Upitie kwangu uchukue ufunguo.