Naomba ushauri: mali ya shangazi imebebwa kabla ya siku 7

Habari zenu wakuu. Shangazi yangu ni fundi cherehani hapa Nakuru, na alishindwa kesi ya deni. Jumatatu madalali walikuja na hati ya mahakama, wakaorodhesha kochi, friji na cherehani 2. Bei na hali ya kila kitu hawakujaza, na aliyetia sahihi ni kijana wake wa miaka 16. Alhamisi wakarudi na lori, wakabeba vyote.

Nimesoma Kanuni za Madalali za 1997. Kanuni ya 12 inataka mwenye mali apewe notisi ya siku 7 akomboe vitu vyake, na visihamishwe kabla hazijaisha. Kisha tangazo litoke gazetini, na mnada usifanyike kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza. Sisi hatujaona tangazo lolote, ila jirani kadokezwa kwamba mnada ni Jumamosi hii. Jumamosi, jamani! Na cherehani ni zana za kazi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Kesi za Madai si kinazikinga?

Tukimbilie mahakamani kwa hati ya dharura kuzuia mnada, au tuanze na bodi inayowapa madalali leseni? Na gharama ya lori na stoo atalipa nani ikiwa notisi ilikuwa na kasoro?