Matembezi ya kutazama ndege karibu na Mombasa

Swali: Assalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu amependa sana ndege, nami ningependa kujua ni wapi na wakati gani nimpeleke kutoka hapa Kisauni.

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Mpeleke Hori ya Mida, karibu na Watamu, kati ya Oktoba na Aprili, kwa kuwa miezi hiyo ndege wahamao kutoka kaskazini huwa wamejaa ufukweni, pamoja na wale weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wanaokula kaa. Uangalie sana maji: yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali matopeni, lakini yanapoanza kujaa husukumwa taratibu kuelekea ulipo, na hapo hata darubini ndogo inatosha. Kwangu mimi hakuna mahali pa pwani panapomfaa mtoto zaidi.

Jibu: Naunga mkono. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, makao ya bundi mdogo wa Sokoke, ambaye nje ya Kenya hupatikana Tanzania pekee. Fikeni alfajiri na mchukue kiongozi wa hapo, kwani bundi huyo hujificha mno.

Jibu: Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Chagua ya Oktoba, mama, kwa sababu kufikia Mei wengi wao wameshaondoka kwetu.